Jinsi nilivyoshusha daraja la kodi ya halmashauri (council tax) ya nyumba yangu, England

Nyumba ilikuwa daraja D. Za jirani, ramani ileile, zote C. England daraja hufuata bei ambayo nyumba ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991, si bei ya leo: C ni pauni 52,001 hadi 68,000, D inaishia 88,000. Kwa hiyo kulalamika kwamba kodi ni kubwa hakusaidii kitu.

Kilichosaidia ni ushahidi. Kwenye tovuti ya GOV.UK unaandika postikodi, madaraja ya mtaa yanatokea. Nilichagua nyumba tano za umri, aina na ukubwa uleule. Ukubwa ndio unaowakwamisha wengi: chumba kilichoongezwa nyuma kinatosha kuharibu ulinganisho. Bei za mauzo za kati ya Aprili 1989 na Machi 1993 zina uzito pia.

Ndani ya miezi sita tangu uanze kulipa, wasilisha pingamizi rasmi. Likikataliwa, una miezi mitatu ya kukata rufaa kwenye baraza la uthamini (Valuation Tribunal). Ukichelewa, unabaki na ombi la mapitio tu, na bila ushahidi halipokelewi. Fikiria vizuri kwanza, maana daraja linaweza kupanda, hata la majirani. Endelea kulipa unaposubiri. Likishuka, halmashauri inarudisha ziada.