Klachi ya helikopta, Chikongola 2014

Helikopta ile ya rimoti ililetwa ikiwa na magonjwa mawili yasiyopatana. Injini ikiwa sailensi, yaani ikinguruma polepole bila kupewa moto, mapanga yalizunguka wakati yalipaswa kusimama tuli. Ukiipa moto ipande, injini ilipiga kelele, mapanga yakaishiwa nguvu, na harufu ya kuungua ikaanza kutoka chini ya feni inayopoza injini. Yaani klachi ilishika pale inapotakiwa kuachia, ikaachia pale inapotakiwa kushika.

Ulikuwa mwaka 2014, mvua zimekolea Mtwara. Bomba la gesi la kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam lilikuwa bado linajengwa na mji ulijaa wageni wa kazi. Mmoja wao, mhandisi kijana, aliingia kwenye karakana ya mjomba wangu pale Chikongola akiwa ameipakata helikopta ya rimoti. Asikudanganye mtu kwamba hicho ni kitu cha watoto. Mapanga yake, ncha hadi ncha, yalizidi mita moja. Injini ilikuwa ya sentimita za ujazo 8 hivi, na ilikunywa methanoli iliyochanganywa na nitromethani na mafuta ya kulainisha. Panga la namna hiyo likifika mizunguko 1,800 kwa dakika, linaumiza mtu vibaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Na hiyo nayo tunaifanyaje?"

Mjomba alikuwa fundi wa chenso, ile misumeno ya injini, na wa injini za boti. Helikopta ya rimoti hakuwahi kuishika. Akamwacha kijana aeleze mpaka mwisho, akainama akachungulia kwenye upenyo wa fremu, kisha akaniita. "Njoo uone. Hii klachi ni ile ile ya chenso."

Ni kweli. Juu ya injini kuna mikono miwili ya chuma inayozunguka pamoja na feni. Injini ikienda polepole, mikono inajikunja. Ikiongeza kasi, mikono inatupwa nje, inabana ngoma iliyoizunguka, na gia ndogo iliyo juu ya ngoma inasukuma gia kubwa ya mapanga. Ndani ya ngoma kuna lainingi, utando mwembamba wa kusuguana na mikono, uliogundishwa kwa gundi. Nafasi kati ya lainingi na mikono ni ndogo mno, sehemu tu ya milimita.

Mhandisi alikuwa ameshahangaika na kabureta. Wengi hukimbilia huko kwa sababu kelele inatokea kwenye injini. Mjomba hakuigusa. Kwanza alizungusha mapanga kwa mkono kwenda mbele, na hatukusikia kitu. Kijana akamweleza kwamba hapo kuna beringi ya kupita upande mmoja tu, ili injini ikizima angani mapanga yaendelee kuzunguka yenyewe na rubani aweze kuishusha. Mjomba akatikisa kichwa kwa furaha kabisa. Aliipenda akili ile. Basi akayazungusha kinyume, beringi ikashika, gia zikazunguka, na ngoma nayo ikazunguka.

Kwaruu. Kimya. Kwaruu.

"Weka sikio hapa," akaniambia. "Mkono wa klachi ungekuwa umepanuka, ungekwaruza mzunguko mzima. Hii inakuja na kupotea. Ugonjwa uko kwenye ngoma."

Tulifungua. Mikono ilikuwa mizima. Mjomba aliikagua shingoni kwa kidole gumba, pale chuma kinapokuwa chembamba na kupasuka. Beringi ya gia ndogo ilizunguka laini. Ila ndani ya ngoma, lainingi ilikuwa imebanduka kiasi cha pingili moja ya kidole, ukingo wake umeinuka, umekuwa mweusi na unang'aa. Magonjwa yote mawili yalikuwa pale. Kile kipande kilichoinuka kiligusa mikono hata injini ikiwa sailensi, kikaburuta mapanga. Na injini ilipovuta kwa nguvu, lainingi iliteleza juu ya gundi iliyokufa.

Mtu mwingine angegundisha akarudisha. Mjomba alikaa juu ya kreti akaanza kuuliza maswali. Gundi imekufa kwa joto, sawa. Joto limetoka wapi? Kijana akasema injini ilianza kuzimazima ikiwa sailensi, ndiyo maana akaipandisha. Na kuwasha helikopta hizi, unashikilia kichwa cha mapanga kwa mkono. Kwa hiyo mikono ya klachi ilikuwa inasugua ngoma huku yeye ameshika mapanga yasizunguke, dakika nzima nzima.

"Na mafuta unayaweka wapi?"

Shangani, barazani kwake, karibu na bahari. Galoni ilishafunguliwa siku nyingi, iko nusu, kizibo hakikazwi vizuri. Methanoli hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Mtwara kipindi cha mvua kila mtu wa hapa anaijua: chumvi yenyewe inalowa kwenye kopo. Mafuta yaliingia maji, injini ikakosa utulivu, sailensi ikapandishwa, klachi ikaungua. Mpaka leo nikiletewa kitu kilichokatika, nauliza kwanza kinahifadhiwaje.

Tuliibandua lainingi yote. Ngoma tukaipitisha msasa kwa ndani, tukaiosha kwa thina, tukapaka gundi ile ya kuchanganya. Mjomba akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakizungushia kigogo alichokichonga kwa kisu, akakishindilia ndani ili lainingi ibanwe sawasawa pande zote. Ikalala hapo hadi kesho yake. Kwenye beringi alitia tone dogo tu la oili, akafuta tena kwa tambara, maana oili ikihamia kwenye lainingi klachi itateleza upya.

Wakati wa kufunga, kijana ndiye aliyetufundisha. Alichana karatasi ya daftari, akaipitisha kati ya gia ndogo na gia kubwa ili pabaki upenyo mdogo, akakaza nati. Karatasi ilitoka imejikunja meno meno bila kuchanika. Mjomba aliikunjua, akaitia mfukoni.

Tulikwenda kuijaribu kwenye uwanja wa wazi upande wa Naliendele, tukiwa na galoni mpya ambayo haijafunguliwa. Sailensi ilishushwa. Injini ikawaka, moshi mweupe ukatoka, kijana akaachia kichwa cha mapanga taratibu na kurudi nyuma. Mapanga yakasimama tuli. Akaongeza moto, yakaanza kuzunguka pole pole, yakashika kasi bila ile kelele, na helikopta ikanyanyuka.

Ilipotua na injini kuzimwa, mjomba hakusubiri. Aliinama, akapeleka kidole karibu na ngoma, kisha akaigusa kabisa. Akanusa.

"Ina uvuguvugu tu," akasema. "Jaza mafuta, uirushe tena."