Nilivyouvuka msimu wa 2024 nikiwa shabiki wa White Sox

Kwanza wale mlionishauri nihamie Cubs, timu nyingine ya besiboli ya Chicago: asanteni, lakini timu haihamwi kama chumba cha kupanga. Ushauri wenu ulinichosha kuliko vipigo vyenyewe. Mwaka ule Chicago White Sox walipoteza mechi 121, wakawapita Mets wa 1962 waliopoteza 120. Na ndani ya hizo zimo 16 mfululizo za nyumbani, baada ya siku ile ya Agosti walipowatandika Yankees, nikadhani mambo yamekaa sawa.

Watu wa soka hawanielewi. Simba ikifungwa Jumamosi unapata siku kadhaa za kununa na kumlaumu kocha. Besiboli ni mechi 162, na 81 ziko nyumbani. Umepigwa Jumanne usiku, Jumatano mchana wanacheza tena, hata hasira ya jana haijapoa.

Shemeji yangu akaja na mbinu: usitazame moja kwa moja, rekodi, utaangalia usiku umetulia. Haya. Simu nikaifungia kwenye droo kazini. Mlinzi wa jengo nikampita bila salamu, maana yule baba ni Sox damu na uso wake hauna siri. Nikapanda treni ya Red Line kuelekea kusini, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, masikio nimeyaziba. Nilisahau jambo moja tu: uwanja uko jirani kabisa na kituo cha Sox-35th, na mechi ndiyo kwanza imekwisha. Milango ikafunguka, wakaingia watu wa jezi nyeusi, behewa zima. Hakuna aliyetamka neno. Kijana mmoja anatafuna karanga huku ameukodolea macho mlango uliofungwa. Sasa hapo matokeo uambiwe na nani tena? Nikafika nyumbani nikaitazama yote, zamu ya kwanza hadi ya tisa, kwa ukaidi tu. Shemeji akapiga: "Vipi, imesaidia?" Nikamwambia, "Shemeji, watoto hawajambo?"

Kilichoniokoa ni penseli. Tiketi za juu, ukinunua siku ileile, zilikuwa bei ya chakula cha mchana, pengine chini ya hapo, na nyuma ya mpigaji kule juu unauona uwanja wote. Huko nilimkuta mzee anayejaza karatasi ya mechi kwa mkono, akanifundisha. Kila nafasi ina namba: mrushaji 1, mdakaji 2, kituo cha kwanza 3, hivyo hadi 9. Ukiandika 6-4-3, umesimulia mpira ulivyopita mikono mitatu na watu wawili wakatoka kwa pigo moja. Aliyetolewa kwa straiki tatu, yaani nafasi tatu za kupiga alizozikosa, anaandikiwa K. Aliyeduwaa bila kuzungusha gongo, K yake unaigeuza kinyume, na hapo utamu wake hausemeki! Iwe penseli lakini, si kalamu, kwa sababu waamuzi wa takwimu hubadili mawazo mechi ikiendelea.

Tangu hapo nikawa nasubiri siku za Garrett Crochet, mrushaji wetu. Walikuwa wakimtoa baada ya zamu nne kuulinda mkono wake, ila zile nne zilikuwa zangu. Alimaliza msimu na K 209. Matokeo ya mwisho nikawa nayajaza pembeni, kwa herufi ndogo. Na usicheze kamari kwa timu yako mwenyewe, hilo silielezi.

Septemba waliifunga Oakland, mkosi wa nyumbani ukakatika. Kisha wakaja Angels kwa mechi za mwisho nyumbani, Sox wakiwa na vipigo 120. Watu wakaja kushuhudia cha 121, wanapiga kelele timu iuzwe, na timu ikashinda mechi zote tatu. Jamaa wa mbele yangu aligeuka kwa hasira kuniuliza nacheka nini. Rekodi ya vipigo ya Mets ilivunjwa Detroit, Septemba 27, na yeye alishalipia tiketi na maegesho.