Panya wangu walipona, ila si kwa mzambarau

Wiki ya tatu ya jaribio la kwanza nilikuwa nimeshaanza kuandika hitimisho kichwani. Panya wenye kisukari niliowanywesha dondoo ya mbegu za zambarau walikuwa wameshuka sukari ya damu kutoka 18 mmol/L hadi karibu 9. Nikampelekea msimamizi wangu grafu. Akaitazama, akauliza: "Na wale wa maji?"

Wale wa maji, yaani wenye kisukari wasiopewa dawa yoyote, nao walikuwa wameshuka. Si kama wangu, lakini walishuka.

Kisukari nilikuwa nimekisababisha kwa aloksani, kemikali inayoua seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini. Wengi huitumia, ila ina vituko vyake. Saa chache baada ya sindano, seli zinazokufa humwaga insulini zilizokuwa nayo, sukari inaporomoka, na asubuhi unakuta mizoga. Usiku wa kwanza nilipoteza 5. Mzee anayetunza banda alinisikitikia: "Wawekee maji ya glukosi usiku kucha, mwanangu. Hukuambiwa?" Sikuambiwa. Kituko cha pili ndicho kilichoniumbua: baadhi ya panya wa aloksani hupona wenyewe siku zinavyokwenda. Nilikuwa nampa mzambarau sifa ya mwili wa panya.

"Na wanakula?" msimamizi akaongeza. Chakula sikuwahi kukipima. Anayeijua zambarau anajua ukakasi wake. Zile tanini, kemikali zinazoleta ukakasi huo, hata ukizipitisha kwa mrija hadi tumboni, zinaweza kumtoa panya hamu ya kula. Na panya asiyekula sukari yake itashuka tu, hata ukimnywesha maji matupu.

Nikaanza upya. Dondoo yenyewe haikuwa na tatizo: mbegu zilikauka kivulini, nikazisaga, nikaziloweka siku 3 kwenye ethanoli ya 70%, nikachuja na kuvukiza kwa 40 °C. Safari hii nilihakikisha tu ethanoli imekwisha kabisa, maana nayo peke yake huweza kushusha sukari ya aliyefunga kula. Niliyembadili ni muuaji wa seli. Badala ya aloksani nilichukua streptozotosini, nikaiyeyusha kwenye bafa baridi ya sitrati (kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi) yenye pH 4.5 na kuidunga papo hapo, kwa kuwa ikikaa huharibika. Dozi sikuipandisha sana: ukiua seli zote, glibenklamidi, dawa ya kisukari niliyolinganishia, haina cha kuamsha, kwani kazi yake ni kuzisukuma seli zilizobaki zitoe insulini. Baada ya saa 72 nilibakiza waliozidi 13.9 mmol/L, kisha nikawaacha wiki 2 bila kuwapa dawa wala dondoo nione kama sukari inasimama palepale. Ilisimama.

Makundi yalikuwa 6, panya 6 kila moja: wazima, wagonjwa wa maji, wa dondoo miligramu 250 kwa kilo, wa miligramu 500, wa glibenklamidi, na kundi la sita lililonichosha kuliko yote. Hao walikuwa wagonjwa wasiopewa dondoo, lakini kila siku niliwapimia chakula kilekile walichokula wa 500 jana yake. Kila asubuhi mzani, kila asubuhi kukusanya makombo. Namba za vizimba aliziandika mzee, mimi nikawa natoboa mikia kupima sukari bila kujua ni nani yuko kundi gani. Tena nilishawazoesha mikono yangu mapema, kwa sababu panya aliyeshtuka sukari yake hupanda.

Siku ya 28 tulifungua namba. Wa 500 walishuka kiasi, ila si kama wale wa glibenklamidi. Wale wa kupimiwa chakula walishuka karibu nusu ya hapo. Nusu ya mafanikio yangu ilikuwa njaa.

Mwenzangu wa maabara alinifuata akiomba unga kidogo wa mbegu kwa ajili ya mama yake, anayetumia metformini, dawa ya kisukari. "Si hata hiyo ilitoka kwenye mmea?" Ni kweli chimbuko lake ni Galega officinalis, lakini galegini, kemikali ya mmea ule, ilikuwa na sumu; alichoripoti Jean Sterne kwa wagonjwa mwaka 1957 ni metformini iliyotengenezwa maabara. Nilimwambia mama aendelee na vidonge vyake. Unga sikutoa. Maini na figo za wale panya wa 500 bado ziko kwenye formalini, sijazikata kuona kama dondoo iliziumiza.