Suzuki ndani ya maji: safaktanti, besi na maji yasiyo ya bomba

Mmenyuko wa Suzuki, yaani kuunganisha bromaidi na asidi ya boroni kwa kichocheo cha paladi pamoja na besi, umezoeleka kufanywa ndani ya viyeyusho vya kikaboni kama toluini, dioksani au DMF. Ukitumia maji yenye safaktanti (molekuli ya aina ya sabuni), sehemu kubwa ya viyeyusho hivyo haihitajiki. Kundi la Bruce Lipshutz huko Santa Barbara, Marekani, limeiendeleza sana njia hii, na safaktanti yao inayojulikana zaidi ni TPGS-750-M: upande mmoja vitamini E inayokimbia maji, upande mwingine mkia wa PEG (polietilini glikoli) unaoyapenda. Molekuli hizi hukusanyika kuwa miseli, yaani vifungu vidogo sana ndani ya maji. Bromaidi, asidi ya boroni na paladi hukimbilia humo na kubanana, ndiyo maana joto dogo linatosha.

Kwa milimoli 1: 4-bromoasetofenoni mg 199, asidi ya fenilboroniki mg 146, traiethilamini (ndiyo besi) ml 0.42, na ml 2 za maji yenye TPGS-750-M asilimia 2 kwa uzito. Kichocheo ni asetati ya paladi asilimia 1 ya moli, yaani mg 2.2, pamoja na SPhos (ligandi, yaani molekuli inayoishika paladi) mg 8.2. Mizani nyingi hazipimi mg 2.2 kwa uhakika, kwa hiyo yeyusha mg 22 za paladi na mg 82 za SPhos katika ml 2 za kiyeyusho cha THF kisicho na oksijeni, kisha vuta ml 0.2 tu. Hiyo THF kidogo inasaidia pia pale malighafi ngumu inapoganda kuwa donge na kung'ang'ania kikorogeo cha sumaku.

Ondoa oksijeni kwenye maji kwa nitrojeni KABLA ya kutia safaktanti. Ukichelewa, povu litapanda hadi kwenye mpira wa kifuniko. Ukiiacha oksijeni, asidi ya boroni itajiunga yenyewe kwa yenyewe na utapata bifenili usiyoitaka.

"Joto la chumba" la kwenye makala za kisayansi ni nyuzi 20 na kitu. Asubuhi ya Julai Arusha haifiki huko, na mmenyuko unaosuasua hapo si lazima uwe na kichocheo kibovu. Weka chupa kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45 na ukoroge kwa nguvu.

Maji ya bomba yaache. Floraidi ya Arusha ni maarufu, ila siyo inayoua paladi (floraidi hata hutumika kama besi ya Suzuki). Shida ni kwamba chumvi na klorini hubadilika, na wewe hutajua leo umetia nini. Tumia maji yaliyokenekwa. Maji ya betri ya dukani yanaweza kufaa, ila hakikisha ni maji kweli, si tindikali.

Huna TPGS? Jaribu Tween 20 au Triton X-100, ukijua matokeo hutofautiana. SDS (safaktanti yenye sodiamu) inakubali, lakini usiichanganye na kabonati ya potasiamu: chumvi ya potasiamu ya SDS haiyeyuki vizuri na itatuama kama uji mweupe. Kama besi tumia kabonati ya sodiamu, mg 212. Sless ya watengeneza sabuni ya maji ina chumvi na viambato usivyojua kiasi chake, iache hukohuko.

Kwenye kutoa zao (bidhaa ya mmenyuko) ndiko wengi hupoteza faida yote ya kijani, yaani ya kupunguza viyeyusho. Ukimimina ml 50 za dikloromethani juu ya ml 2 za maji, umefanya nini? Tumia ethili asetati, ml 1 mara mbili, koroga taratibu bila kutikisa, kisha acha itengane au tumia sentrifuji. Ikibaki kama maziwa, chumvi kidogo ya mezani huivunja, ila maji hayo hayatafaa tena kurudiwa. Yasiyotiwa chumvi unaweza kuyaongezea malighafi na kichocheo upya, ingawa chumvi ya traiethilamini hujikusanya kila mzunguko.

Kilele kikubwa karibu na ppm 3.6 kwenye NMR (kipimo cha muundo wa molekuli) ni PEG iliyofuata zao. Pitisha kwenye silika kidogo kwa mchanganyiko wa heksani na ethili asetati. PEG itabaki juu. Maji ya mwisho yana paladi: yakusanye kwenye chupa yenye lebo, usiyamwage sinki.