Injini tumezima, ndege inapanda tu: asubuhi ya wingu la Burketown

Nianze na hela maana ndiyo iliyoniuma kabla ya kitu kingine chochote. Nililipa amana mwezi wa saba huko, nikaahidiwa siti kwenye ndege ndogo ya kwenda kuliona lile wingu refu la alfajiri likipita, nafika Burketown vumbi mpaka kwenye meno naambiwa rubani kaitwa kazi sehemu nyingine, ndege ipo imefunikwa turubai lakini wa kuirusha hayupo. Na amana je? Hairudi, soma mkataba, kuna kipengele cha hali ya hewa. Hali ya hewa gani jamani, hiyo hali ya hewa ndiyo niliyoifuata! Jina la kampuni nalimeza, ila nikikumbuka ile hela na hapa ninapoandika kichwa kinagonga.

Burketown ni kimji cha watu mia mbili hivi, kaskazini magharibi ya Queensland, Australia, jirani na Ghuba ya Carpentaria. Mimi kibarua changu kiko Mount Isa, kusini yake, fundi wa mitambo mizito, kabla ya hapo nilikuwa Geita. Nilipita Cloncurry, Burke and Wills Roadhouse, halafu Gregory. Njiani ni malori ya treila tatu yanakupita unabaki huoni mbele, na kangaruu, basi. Mafuta ya gari bei yake siisemi, na kila unavyokwenda kaskazini inapanda, ukinunua maji ya kunywa unajiuliza kama unanunua na chupa au na duka.

Lile wingu wanaliita Morning Glory. Wazungu wa kazini walikuwa wananipigia stori zake nikajua ni mambo ya bia. Kumbe ni kweli na lina maelezo yake. Huko kwenye rasi ya Cape York mchana upepo wa bahari unaingia kutoka mashariki na mwingine unaingia kutoka magharibi, jioni zile pande mbili zinakutana katikati, hewa inasukumana, usiku sukumizo lenyewe linatoka kama wimbi linavuka ghuba likipita kwenye hewa ya baridi iliyotulia, alfajiri liko Burketown. Mbele ya wimbi hewa inapanda inapoa unyevu wake unageuka wingu, nyuma inashuka wingu linayeyuka, yaani linazaliwa huku linafia huku muda wote, ndiyo maana ukilitazama unaona linajiviringisha kurudi nyuma wakati lenyewe linakufuata wewe. Urefu linaweza kufika kilomita 1,000. Mwendo linaweza kufika kilomita 60 kwa saa. Na msimu wake ni mwisho wa Septemba mpaka mwanzo wa Novemba, nje ya hapo ukienda utaambulia mamba na samaki.

Nilipoeleweshwa hivi nikamkumbuka mjomba wangu Ukerewe. Yeye anavua dagaa, anatoka usiku usio na mbalamwezi na taa zake, zamani karabai siku hizi za sola, na hajawahi kukaa darasani kufundishwa upepo, ila atakwambia usiku nchi kavu ikipoa upepo unashuka ziwani kutoka kila upande, unakutana huko katikati, na ukikutana vibaya radi inapiga mpaka asubuhi na wengine hawarudi. Kwa hiyo upepo kukutana na upepo mimi nimezaliwa naujua, tofauti ni kwamba Ukerewe unazika watu na Burketown watu wanaufuata na ndege za starehe. Hilo lilinikaa kichwani muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Basi nikabaki pale nasubiri bila ndege. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unatoka nje, anga safi kabisa, hakuna kitu, unarudi kulala, joto linakuamsha saa mbili, nzi wanakumalizia. Chumba ni kontena lenye AC inayolia usiku kucha na bei yake kama vile kuna mtu anaimba ndani. Jioni wote mnakutana baa. Pale kuna imani yao, wanasema kioo cha friji ya bia kikiota ukungu mzito na kona za meza za mbao zikianza kujikunja juu, kesho wingu lipo, maana unyevu wa bahari umeshaingia. Mimi nikawa kila jioni napapasa meza kama fundi seremala.

Hapo baa ndipo nilipompata mzee. Sitamtaja jina, ni mstaafu, kila mwaka anakuja na kindege chake cha aina ya glaida, yaani ndege ya mabawa marefu inayoweza kuelea bila injini, ila yake ina injini ndogo, unaruka na injini halafu ukipata hewa inayopanda unaizima. Alikuwa ananung'unika Landcruiser yake haichaji, na ni mkonga kabisa, ile ile ya nyumbani, nikamwambia mzee naomba nione. Kichwa cha waya kwenye oltaneta kilikuwa kimeliwa na chumvi kimebaki unga wa kijani. Nilikata nikasugua nikafunga upya, nusu saa tu. Akaniuliza bei gani. Nikamwambia siti. Alicheka sana, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akauliza una kilo ngapi. Nikapunguza tano.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba wa kwanza kuliteleza hili wingu, yaani kubebwa na hewa yake inayopanda kwa glaida, ni Russell White na Rob Thompson, mwaka 1989.  Alivyokuwa anawataja utadhani anataja mitume.

Ile jioni kioo cha friji kilikuwa cheupe huoni bia. Hakuna aliyelala vizuri. Tulikuwa uwanjani bado giza, umande umelowesha mabawa, na hayo mabawa ni marefu jamani, mita 16 hivi kutoka ncha mpaka ncha, mwili wenyewe mdogo, mnakaa ubavu kwa ubavu magoti yamekubana, mkanda umekufunga mpaka pumzi unaiomba. Mkoba aliniambia niache chini, chupa ya maji akanikubalia kwa shingo upande. Kulipoanza kupambazuka akanyoosha kidole kaskazini mashariki, nikaona mstari mweusi umechorwa chini kabisa ya anga, mwisho wake wa kushoto sikuuona na wa kulia sikuuona.

Tuliruka tukaenda kuupokea. Kwa karibu sasa, lile wingu ni mkeka mkubwa uliokunjwa umelazwa juu ya nchi, upande wa mbele laini kabisa hauna hata nundu, jua ndiyo linatoka linaupaka rangi ya chungwa, na chini yake kuna uwazi kidogo tu ndipo ardhi inaanza. Mzee akasogea mbele yake akageuza ndege iende sambamba nalo, kale kasaa kanakoonyesha unapanda au unashuka kakaruka juu, akaniangalia, akazima injini. Pangaboi likazunguka zunguka likasimama.

Nikasema na roho yangu haya, tumekwisha. Lakini ndege inapanda. Hakuna anayeisukuma na inapanda, na hewa imetulia hivi kwamba maji kwenye chupa yangu yalikuwa hayatikisiki, nimeiweka mapajani nikawa nayaangalia yale maji kuliko hata wingu. Tulifika mita 1,000 na kitu, tukawa tunakimbia kilomita mia na ishirini, mia na thelathini kwa saa pembeni ya ule ukuta, sauti ni upepo tu kwenye kioo. Mzee akishusha pua tunaongeza mwendo, akiinua tunapanda, akanyoosha mkono bawa la upande wa wingu likaingia kidogo kwenye ukungu likatoka limelowa. Huko chini mabwawa ya chumvi na Albert River unajipinda pinda mpaka unachoka kuufuata. Nyuma ya wingu letu kulikuwa na jingine dogo, na nyuma yake jingine, yanakuja kwa mstari. Akaniambia kule nyuma hakufai, upande wa mgongo hewa inashuka na inarusha rusha, ukiteleza ukaangukia huko utajuta.

Tulikaa huko kama saa nzima. Sasa kumbuka wingu halijasimama, linatembea kwenda kusini magharibi, kwa hiyo wakati sisi tunajiona tunakwenda sambamba tunarudi, tunakwenda tunarudi, lenyewe limetubeba bara ndani kabisa, uwanja umebaki nyuma yake. Na jua limepanda. Nikaona sehemu ya juu ya ule mkeka imeanza kupata matundu. Mzee naye aliona, akasema sasa tunawasha tunaruka juu yake tunarudi nyumbani.

Akapiga stata. Pangaboi likazunguka, kha kha kha, likagoma. Akasubiri, akapiga tena, kimya. Sasa mimi ni fundi, na fundi hapati shida na injini iliyogoma, anapata shida na injini iliyogoma wakati hana pa kusimama ashuke afungue boneti. Mzee hakusema kitu, akasogea tena karibu na wingu tupate kupanda. Ndipo nikaelewa tuko wapi: hili wingu ndilo linatushika tusianguke, na hilo hilo linatupeleka mbali na uwanja kila dakika, na hilo hilo linayeyuka. Nikatazama chini, miti mifupi, udongo mwekundu, vichuguu, hakuna barabara.

Nikamuuliza injini ya nini hii. Akanijibu kwa mkato, Volkswagen, yaani asili yake ni injini ya zile Volkswagen za zamani za mgongo wa mviringo, wamezigeuza za ndege. Nikatamani kucheka. Paroko wetu Ukerewe alikuwa na Volkswagen, na mimi nikiwa kijana ndiyo gari ya kwanza niliyoshika spana juu yake, na asubuhi za baridi ilikuwa haiwaki mpaka umbembeleze. Nikamwambia mzee, imepoa hii, tumekaa saa nzima huku juu upepo unaipiga, vuta choki, ile ya kuizidishia mafuta ikiwa baridi. Akasema choki nimevuta. Nikaangalia kile kitufe, kweli kimetoka, lakini kimetoka kilegevu, unajua waya ukiwa umenasa mbele kitufe kinakuja peke yake. Nikamuomba ruhusa, maana ndege ya mtu huishiki tu, akatingisha kichwa, nikakirudisha ndani mpaka mwisho nikakivuta taratibu nakizungusha kidogo, nikahisi kule mbele kuna kitu kimeachia. Mzee, piga sasa.

Ikakohoa moja, ikakohoa mbili, ikashika, moshi mweusi ukapita kwenye kioo changu, na ule mlio wa Volkswagen sijawahi kuupenda hivyo hata siku moja, nilipiga makofi nikiwa nimefungwa mkanda.

Tukapanda juu ya wingu, tukaruka mgongo wake, na huko nyuma alikosema hakufai kweli hakufai, nilijigonga kichwa kwenye kioo na maji ya chupa yote yakaniishia kwenye suruali. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu na mzee hakuongea, na mimi sikumuuliza mafuta yamebaki kiasi gani kwa sababu kipimo nilikuwa nakiona mwenyewe. Tulipotua, watu uwanjani wakadhani suruali imelowa kwa sababu nyingine, nimeeleza mpaka nimechoka, hakuna aliyeamini.

Waliobaki chini walisema wingu lilipofika mjini upepo ulikuja ghafla ukabeba viti vya plastiki, mahema mawili yakang'oka, halafu kimya kama hakikutokea kitu. Bia ya mchana huo mzee alinunua yeye, ya pili nikanunua mimi, na ilinikumbusha bei tena.

Kesho yake nilimtumia mjomba video WhatsApp, dakika nzima ya wingu na bawa. Akajibu kwa sauti, nyuma nasikia wanaanika dagaa na watoto wanafukuza ndege. Anauliza, sasa hilo wingu lote linaleta mvua kiasi gani? Nikamwambia mara nyingi halileti mvua. Akanyamaza kidogo. Akauliza, na radi? Nikamwambia hamna. Akasema nyie mnaishi vizuri huko. Kisha akanikumbusha ile hela ya nyavu.

Nimetuma ya nyavu. Ile ya amana bado naandikiana nao, wameniambia wanaweza kunipa punguzo mwakani, punguzo la asilimia kumi kwenye hela yangu mwenyewe waliyokula. Mzee naye kanipigia, anasema Oktoba nikija nije na kebo mpya ya choki, siti ipo. Nimeulizia bei ya hiyo kebo kwa sababu ni ya ndege siyo ya gari, na jamani, ni ule ule waya.