Saa nane iliyokuwa saa mbili: nilivyoipanga upya tovuti ya tamasha

Shangazi yangu alifika ukumbini saa nane mchana, amejipamba, tiketi iko kwenye simu. Mlango umefungwa. Akanipigia: "Mwanangu, mbona hapa hakuna mtu?"

Tovuti ya tamasha lile la taarab hapa Tanga niliitengeneza mimi. Niliandika 8:00 PM. Shangazi aliona nane, akasoma saa nane, kama alivyosoma saa maisha yake yote. Muziki ulikuwa unaanza saa mbili usiku. Ilibidi arudi nyumbani Chumbageni, na nauli ikawa imemtoka bure. Iliniuma sana.

Mwaka 1994 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia mifumo ya kompyuta, alitoa kanuni kumi za kupima kama mfumo unatumika kwa urahisi. Ya pili inataka mfumo useme lugha ya mtumiaji. Kanuni hiyo niliijua kwa moyo, ila nilidhani nikishaandika Kiswahili nimeitimiza. Kumbe kuhesabu saa nako ni lugha. Na siku pia: huku pwani, ukisema "usiku wa Jumamosi", wazee wengi wanaelewa usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani Ijumaa baada ya magharibi. Kwa hiyo tamasha lililofuata nililiandika hivi, juu kabisa, kwa herufi kubwa: "Jumamosi saa 2:00 usiku, kuamkia Jumapili". Chini yake nikaweka 20:00, saa za Afrika Mashariki, kwa ajili ya ndugu walioko Muscat wanaowanunulia wazazi wao tiketi. Saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja.

Tarehe yenyewe hapo awali ilikuwa ndani ya picha ya bango. Mtandao ukiwa dhaifu picha haifunguki, na mtu anabaki na ukurasa mtupu huku bando linaliwa. Nikaitoa, nikaiandika kama maandishi ya kawaida. Rangi ya dhahabu juu ya nyeupe nayo niliiacha, maana juani haisomeki. Miongozo ya kimataifa inataka tofauti ya mwanga kati ya herufi na rangi iliyo nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na ile yangu haikukaribia hata nusu.

Kilichonisumbua zaidi ni kitufe cha Lipa. Mtu akikibonyeza, inapita sekunde kadhaa kabla simu yake haijaleta ujumbe wa kuweka namba ya siri. Katika sekunde hizo ukurasa ulikuwa kimya. Watu walibonyeza tena, wengine wakalipa mara mbili, na kurudisha pesa ya mtu ni kazi ya siku nzima. Sasa kitufe kikiguswa mara moja kinajifunga na maneno yanatokea: "Subiri, angalia simu yako uweke namba ya siri." Malipo yakikamilika, meseji ya tiketi inaingia. Tangu hapo sijapata lalamiko la kulipa mara mbili.

Kabla ya kuifungua kwa watu wote niliwapa simu watano, mmoja mmoja, nikawaomba wanunue tiketi mbele yangu. Kukaa kimya ndiyo ilikuwa ngumu, maana mkono unataka kuelekeza. Muuza samaki alikwama kwenye "jina la ukoo", akaniuliza aandike la baba au la babu. Nikalifuta, panatosha "Jina lako". Kinyozi hakuwa na barua pepe, na mimi sikuwa na sababu ya kuiomba, nayo ikaondoka. Dada wa mgahawani, mwenye vidole vya kazi, alikosa kitufe mara tatu. Nikakiongeza kifikie upana wa ukurasa. Fundi cherehani alimaliza bila kuuliza kitu.

Wa tano alikuwa shangazi. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Jumamosi saa mbili usiku, kuamkia Jumapili." Akashusha ukurasa hadi chini, akarudi juu.

"Na watoto je, wanalipa?"

Hapakuwa na neno hata moja kuhusu watoto. Nililiongeza usiku uleule.