Mstari Unaozunguka Uwanja: Uzoefu Wangu wa Kusimamia Ruzuku ya Bustani ya Mji

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwa zaidi ya miaka kumi sasa ninafanya kazi katika idara ya bustani na michezo ya mji mmoja wa wastani katika jimbo la Iowa, nchini Marekani. Kati ya mwaka 2021 na 2024 nilikabidhiwa jukumu la kuandika maombi ya ruzuku ya serikali kuu, na yalipokubaliwa nikasimamia matumizi yake, ili eneo lililokuwa nyasi tupu upande wa kusini wa mji lipate kiwanja cha mpira wa miguu, njia ya kutembea, bembea za watoto na banda la kupumzikia. Naandika habari hizi kwa sababu wasemaji wengi wa Kiswahili wanaishi katika miji kama huu wetu, na ni wachache miongoni mwao wanaojua fedha za namna hii zinatoka wapi, zinaombwaje, na zinamfunga nani.

Eneo lenyewe lina ukubwa wa takriban hekta tatu na ni mali ya mji tangu zamani. Jirani yake wamehamia familia nyingi za Kikongo, hasa kutoka Kivu Kusini, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Nikitoka kazini jioni za kiangazi nilikuwa nikiwaona vijana wao wakicheza pale, magoli yakiwa mabegi ya shule, na watoto wadogo wakikimbizana kandokando ya barabara yenye magari ya mizigo. Ukiacha miti michache ya konani, hapakuwa na kivuli, wala maji, wala choo. Kina mama waliokuja kuwachunga watoto walikaa ndani ya magari yaliyoegeshwa, milango ikiwa wazi.

Ruzuku tuliyoiomba hutoka katika Mfuko wa Uhifadhi wa Ardhi na Maji, ulioanzishwa kwa sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1964 na kuanza kazi Januari 1965. Fedha zake nyingi hazitokani na kodi ya mshahara, bali na malipo ambayo kampuni za mafuta na gesi huilipa serikali kwa kuchimba baharini, kwa hoja kwamba rasilimali moja ya umma inapotumika na kwisha, sehemu ya thamani yake irudi kwa umma katika sura ya ardhi na bustani. Kwa miaka mingi Bunge lilikuwa likitoa pungufu ya kiwango kilichoruhusiwa, mpaka sheria ya mwaka 2020 ilipoamuru mfuko upate dola milioni 900 kila mwaka bila kukosa. Sehemu moja ya fedha hizo hugawiwa majimbo, na majimbo nayo huzishindanisha kwa miji na wilaya zake. Miradi zaidi ya 40,000 imejengwa nchini kote kwa njia hiyo, kuanzia mabwawa ya kuogelea hadi viwanja vidogo vya mitaani, na nina hakika wasomaji wengi walioko Marekani wamewahi kupeleka watoto wao katika mojawapo bila kujua.

Mtu akisikia neno ruzuku hudhani kwamba mji hupewa hundi, kisha ukaanza kujenga. Sivyo. Mfuko huu hulipa nusu tu ya gharama, na nusu hiyo hairudi mpaka mji uwe umeshalipa kwanza, ukawasilisha ankara na uthibitisho wa malipo. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza haikuwa kuandika maombi, bali kuwashawishi madiwani watenge fedha za mradi mzima, pamoja na ile nusu ambayo tungerejeshewa baadaye. Nilifika mbele yao mara tatu. Mara ya tatu nilikwenda na jedwali la ukurasa mmoja linaloonyesha mwezi kwa mwezi fedha zitatoka lini na zitarudi lini, na hilo ndilo lililowatuliza, kuliko picha zote za watoto nilizokuwa nimewaonyesha awali.

Jimbo hutoa alama kwa mradi unaojibu mahitaji yaliyotajwa katika mpango wake wa burudani za nje, ambao lazima uhuishwe kila baada ya miaka mitano, na pia hutaka kuona kwamba wakazi wameshirikishwa. Tangazo la mkutano tulilitoa kwa Kiingereza, Kihispania na Kiswahili, na nikaomba mkutano ufanyike Jumapili alasiri baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa, badala ya Jumanne usiku katika ofisi za mji, kwa sababu wengi wa wakazi wale hufanya zamu za usiku katika viwanda vya nyama. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia vipimo vya kiwanja. Mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Papa, batoto banacheza, na siye bamama tunakaa wapi?" Kutokana na swali hilo, banda lililokuwa limewekwa mwishoni mwa orodha, kama kitu cha kuongezwa fedha zikibaki, lilipanda likawa la pili baada ya kiwanja, na likasogezwa karibu na bembea ili mtu akikaa kivulini aweze kumwona mtoto wake. Kiwanja chenyewe tulikipunguza kikawa cha wachezaji tisa kila upande, kama mita 68 kwa 46, ili nafasi itoshe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko fedha. Kila mradi wa mfuko huu huambatana na ramani ya mipaka, na kwa mujibu wa ibara ya 6(f)(3) ya sheria hiyo, ardhi yote iliyo ndani ya mstari wa ramani hubaki kwa ajili ya burudani za nje za umma milele. Haisemwi miaka ishirini, wala mpaka majengo yachakae. Mji ukitaka kubadilisha matumizi ya hata sehemu yake, ni lazima upate kibali cha serikali kuu kupitia Idara ya Hifadhi za Taifa, na ulete ardhi nyingine yenye thamani ya soko isiyopungua ile, inayoweza kuwafaa watu kwa kiwango kinacholingana. Ramani ndiyo mkataba wenyewe. Bembea zitaoza na kubadilishwa, lakini mstari hauondoki.

Tulipokuwa tukiandaa ramani, lilitolewa pendekezo kwamba kona ya kaskazini-mashariki, inayopakana na barabara kuu, iachwe nje ya mstari, kwa kuwa huenda siku moja mji ukaihitaji kwa kituo cha zimamoto. Ilikuwa hoja ya watu wenye nia njema, na kituo cha zimamoto si jambo la kupuuza. Lakini kona ile ndiyo yenye miti mitatu mikubwa ya mialoni, ndiyo inayotenganisha watoto na barabara, na ndiyo njia pekee ya kuingilia kwa miguu kutoka kwenye nyumba za kupanga. Nami nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikuisema mkutanoni. Kiwanja tulichokichezea utotoni kule Tanga, ambacho wazee walituambia kimeandikwa katika ramani kuwa eneo la wazi, kilimegwa taratibu mbele ya macho yetu: kwanza lilikuja banda la kutengenezea magari, kisha uzio wa mabati, na mwisho nyumba ya ghorofa, na hakuna aliyeweza kuonyesha karatasi yenye nguvu ya kuzuia. Nilichofanya Iowa ni kuomba mhandisi wa mji aandike tathmini ya viwanja vingine viwili ambavyo vingefaa zimamoto, kisha nikaiambatisha kwenye ajenda. Madiwani wakapiga kura, kona ikaingia ndani ya mstari kwa tofauti ya kura moja.

Maombi yalipopita ngazi ya jimbo, tulisubiri kwa miezi mingi uamuzi wa serikali kuu, kwa sababu kabla ardhi haijaguswa ni lazima athari za mazingira zichunguzwe, na wataalamu wa mambo ya kale wathibitishe kwamba hakuna makaburi au masalia ya wenyeji wa asili yatakayoharibiwa, baada ya mataifa yao kupewa nafasi ya kutoa maoni. Katika kusubiri huko tulifanya kosa. Kikosi cha barabara cha mji wetu kilikuwa na mashine karibu na eneo, na kwa ukarimu kikaamua kung'oa uzio wa zamani wa besiboli na kusawazisha udongo siku mbili kabla sijapata habari. Kazi iliyofanywa kabla ya mkataba kusainiwa hairejeshewi fedha wala haihesabiwi katika mchango wa mji, na ubaya zaidi ni kwamba uchunguzi wa mambo ya kale ulikuwa haujakamilika. Nilikwenda pale nikawaomba wasimame, nikapiga picha, nikapima eneo lililochimbwa, na siku ileile nikaandika barua kwa ofisi ya jimbo kueleza kilichotokea. Mtaalamu alikuja, akakuta udongo ulioguswa ulikuwa wa kujaziwa miaka ya nyuma, na mradi ukaendelea. Tulipoteza gharama za siku mbili. Tangu hapo, neno la kwanza ninalomwambia kila mkuu wa kitengo ni kwamba asipeleke hata koleo mpaka nimwonyeshe saini.

Gharama nyingine ambayo sikuitarajia ilikuwa ya umeme. Waya uliokuwa ukivuka anga la kiwanja ulitakiwa kufukiwa ardhini, kwa kuwa masharti ya mfuko hayapendi nyaya zipite juu ya vichwa vya wanaocheza. Ilitubidi tuahirishe choo ili kulipia mtaro wa waya huo.

Ujenzi ulianza mwishoni mwa machipuko. Misingi ya nguzo za banda ilishuka zaidi ya mita moja, maana ardhi ya Iowa huganda sana wakati wa baridi na msingi mfupi husukumwa juu. Mahali penye utata palikuwa njia ya zege inayotoka kwenye maegesho. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu, ya mwaka 1990, na viwango vilivyotokana nayo, hutaka njia isipande zaidi ya sentimita 5 kwa kila mita, na isiinamie upande mmoja zaidi ya sentimita 2 hivi kwa kila mita, ili mtu aliye katika kiti cha magurudumu asivutwe kuelekea pembeni. Asubuhi moja, zege likiwa na siku nne, nilipita nikiweka pima maji kila baada ya hatua mbili. Kwa jicho njia ilikuwa safi kabisa. Lakini katika kipande cha mita kama kumi na moja, karibu na bembea, kiputo kilikataa kukaa katikati, na nilipopima upande ulioinama nilipata sentimita tatu na nusu. Mkandarasi alisema hakuna mtu atakayegundua. Nikaweka mpira wa tenisi juu ya zege, nikauachia, tukautazama wote wawili ukibingirika mpaka kwenye nyasi. Hakubishana tena, kipande kilivunjwa na kumwagwa upya kwa gharama yake.

Mchango wa mji katika mradi si lazima uwe fedha taslimu peke yake, kwani kazi ya kujitolea nayo huhesabiwa ikiwa imeandikwa vizuri. Jumamosi tatu mfululizo wazee na vijana wa Kikongo walikuja kutandaza nyasi na kusambaza vipande vya mbao chini ya bembea kwa kina cha sentimita 30, ili mtoto akianguka asiumie. Wao waliita kazi ile salongo, nami nikawaambia kwetu Tanga tungeiita msaragambo. Walishangaa nilipowapelekea daftari la kuandika jina, saa ya kufika na saa ya kuondoka, kwani mzee mmoja aliona ni kama kudai malipo ya wema. Nilimweleza kwamba kila saa yake inathaminiwa kwa ujira wa kibarua wa kazi ileile, na kwamba kiasi hicho kinapunguza mzigo wa mji, basi ni kama yeye mwenyewe ametoa fedha mezani. Akasaini, kisha akasimama karibu na daftari siku nzima akihakikisha kila anayeingia anasaini. Mhandisi aliyekuja kutandaza nyasi aliandikiwa kiwango cha kibarua kama wengine, kwa kuwa thamani hufuata kazi iliyofanyika na si shahada ya mtu.

Bustani ilifunguliwa mwaka 2024. Karibu na maegesho kuna kibao kidogo kinachotaja mfuko uliochangia, na angalau mara moja kila miaka mitano atakuja mkaguzi kuangalia kwamba mahali pale bado panatumika kwa lengo lake na pako wazi kwa kila mtu. Choo bado hatujakijenga, na sasa naandaa maombi mengine kwa ajili yake.

Majira ya baridi yaliyofuata, suala la kituo cha zimamoto lilirudi mezani, na mjumbe mpya akauliza kwa nini ile kona ya barabarani isitumike. Karani wa mji alitoa ramani kwenye faili akaiweka mbele yake. Aliusoma ule mstari mwekundu kwa kidole, akauliza maana ya ardhi mbadala, akajibiwa. Wakahamia kwenye kiwanja cha pili katika orodha ya mhandisi.